Shikamoo Iliyonikwamisha Sakina

Twahira nimekwama! Niko kwenye kona ya nyumba ya watu huku mtaa wa Sakina, na sitakiwi kunyanyua hata mguu 😭

Leo tulikuwa tunajifunza kwa vitendo kupiga picha eneo la tukio. Mauaji ya kuigiza, damu yenyewe rangi nyekundu. Sheria moja tu: huingii kabla ya kupiga picha zote ukiwa mlangoni. Nikifeli narudi kukaa kaunta ya kituo cha polisi.

Sasa kwenye kona kakaa bibi mwenye nyumba, anaigiza aliyeukuta mwili. Bibi mtu mzima kabisa, ananitazama! Nikaenda moja kwa moja kumpa mkono. Shikamoo bibi.

Nimekanyaga damu yote Twahira. YOTE.

Afande Godbless, mkufunzi wetu, akasema, "Simama hapo hapo. Wewe sasa ni kielelezo."

Kielelezo! Wameniwekea kibao cha ushahidi namba saba miguuni, wananipiga picha.

Na nachapa kwa mkono mmoja, maana bibi hajaniachia. Ananong'ona, "Umelelewa vizuri, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?"

Nikaomba kutoka. Afande kasema nibaki, kundi la pili wanione wajifunze.

Ndio hao mlangoni. Bibi kawanyooshea mkono ule mwingine, na wa kwanza ameshaanza kuvua viatu.