Jiwe la Nkoma Lililopakwa Samli

Chumba cha Hadubini, Chuoni
Ijumaa, 18 Julai 2025

Kaka Ndalahwa,

Mwangaluka, kaka. Mhola hapo Nkoma? Mama yetu, mayu, anaendeleaje na magoti yake, na pamba mmemaliza kuvuna? Mimi mwili mzima, moyo ndio umevimba kwa hasira. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu ningekutukana, nawe ni mkubwa wangu.

Nilikuambia nini kuhusu lile jiwe lililoanguka shambani kutoka angani? Nilikupigia mara tatu. Nikasema msilishike ovyo, mlifunge kwenye karatasi safi, mlitume kwa basi la Bariadi. Ukaitikia ndiyo, ndiyo, Kwandu, tumekuelewa. Kumbe mayu alilipaka samli, eti kilichotoka juu ni cha mababu, hakiondoki nyumbani kikavu! Na wewe mtu mzima, mwenye kidato cha nne, ukamshikia bakuli. Hivi ulikuwa unawaza nini?

Hadubini yetu ya elektroni si miwani ya kutungia uzi. Inatuonyesha chembe ndogo kabisa za madini, hata ya mawe ya sayari nyingine, na ili ione, hewa yote hunyonywa humo ndani. Ukiingiza mafuta yanageuka mvuke na kuganda kila mahali. Jiwe lenu lilipoingizwa, picha zikawa ukungu mtupu, mashine ikazimwa, na hii wiki ya tano tunamsubiri fundi kutoka nje. Wanafunzi wa utafiti wanazunguka koridoni kama kuku waliofungiwa nje.

Dokta Specioza, mkuu wetu, alifoka mpaka miwani ikamdondoka. Kusafisha sampuli ni kazi ya Masalu, yule wa Malampaka aliyenifundisha hata kuwasha mashine. Akasimamishwa siku hiyohiyo. Jana nikasikia barua ya kumfukuza imeshachapwa, bado saini tu. Mkewe Mektilda ana kichanga cha miezi miwili. Mwezi mzima nimekulaani wewe kwa ajili yao.

Lakini kaka, acha niseme lote. Nilipofungua kifurushi chako, samli ilinukia chumba kizima. Masalu aliomba siku mbili alisafishe jiwe na kulikausha. Nikamwambia nimeshalisafisha mwenyewe. Uongo! Nilikuwa nimelifuta kwa kitambaa tu. Kesho yake kulikuwa na mkutano, nikataka picha ya jiwe la shamba letu ionyeshwe kwa jina langu kabla ya mtu mwingine. Dokta alipouliza nani aliandaa sampuli, nilinyamaza. Masalu alinitazama, lakini hakunitaja. Mpaka leo hajanitaja, na hilo linanichoma kuliko samli yenu yote.

Leo saa nne asubuhi nimeingia kwa Dokta nikamweleza kila kitu. Safari hii hakufoka. Aliichana barua ya Masalu, akachukua karatasi nyingine, akaniuliza majina yangu matatu kamili.

Nisalimie mayu, umwambie hana kosa. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo na mizigo yangu yote. Sababu nitawaeleza mwenyewe.

Mdogo wako,
Kwandu