Punje za mahindi langoni

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kitale tuko salama. Goti la nyanya yako limepata nafuu, na ng'ombe wetu amezaa. Nimesikia ya huko Kibabii: mlishambulia mechi nzima, mkafungwa bao moja la ajabu. Sasa unaniuliza, "Babu, si basi mpira ni bahati tu?"

Nikiwa kijana nilikuwa kipa. Uwanjani tulianika mahindi, na timu ya Bungoma ilipokuja tukayaanua, punje zikabaki. Kocha akanipa ufagio nifagie malango yote mawili. Nikafagia lile tulilozoea kuanzia. Lile lingine nikaliacha, liwe shida yao.

Kipindi cha pili tukabadilishana malango.

Zikabaki dakika chache, hakuna aliyefunga. Mshambulizi wao akapiga shuti dhaifu, la mtoto. Nikainama kuuokota mpira. Ukagonga punje, ukaruka juu ya bega langu, ukaingia polepole nikiutazama.

"Bahati mbaya, bana!" wenzangu wakanipoza.

Jioni tukacheza nao voliboli. Mara kadhaa mpira uligusa wavu ukaanguka kwetu, lakini pointi zilikuwa nyingi, tukazirudisha, tukawashinda. Mpira wa miguu hauna huruma hiyo. Bao ni moja, na likishaingia unaenda nalo nyumbani.

Kwa hiyo bahati ipo, Nekesa. Lakini siku ile ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Hata nyanya yako hajui.

Ni mimi babu yako.