Barafu Ndani ya Koti la Shomari

Ngarenaro,
Arusha.
12 Julai, 1953.

Mdogo wangu mpendwa Shomari,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Tanga? Joto la mashamba ya mkonge linakuacha ulale? Huku baridi inatung'ata, na Meru haujavua wingu wiki nzima. Shemeji yako Zamda ni mzima. Mimi nami nipo, kitambi kinatangulia, nafuata nyuma.

Idi ilipita bila wewe. Tuyaache.

Hoteli ninayopikia imepata mashine ya barafu. Mchana mmoja nilimletea binti yako vipande vichache, acheke kidogo, maana tangu mama yake afariki nawe ukatuachia, Tunu kicheko amekiweka mbali. Kipande kimoja tukakinyunyizia chumvi. Nikamwambia hicho ndicho kitakachodumu, si chumvi huhifadhi samaki? Kikawa cha kwanza kuyeyuka. Mpishi mzima!

Kingine akakifunga ndani ya koti lako zito la jeshi.

"We Tunu, unakipasha moto?"

"Ngoja tu, Baba Mkubwa."

Tulipofungua, vya nje vyote vilikuwa maji, cha koti kingalipo. Akacheka, Shomari! Nami kwa furaha nikatania: "Basi kitunze mpaka baba yako aje." Mdomo wangu huu!

Kesho yake akaniomba bonge kubwa. Akalifunga kwenye koti, akalisukuma chini ya kitanda, akatukataza kufungua lisiingie joto. Kisha akaenda kukaa njia ya stesheni, kungoja treni ya Tanga. Zamda alimrudisha jioni kwa kumbeba.

Asubuhi koti lilikuwa chepechepe, ndani hamna kitu. Hakulia. Alisema tu, "Baba amechelewa."

Tangu hapo chakula anakigusagusa. Koti hakutaka lianikwe, akawa analilalia hivyo hivyo bichi, na sasa anakohoa. Juzi Zamda alimnyang'anya akiwa usingizini, akalikausha jikoni. Nimemletea barafu nyingine, hata kuitazama hakutaka.

Ndugu yangu, najua nyumba hii inakukumbusha marehemu. Lakini barafu naweza kuileta kila siku, wewe siwezi. Panda treni. Zawadi usihangaike nazo, wala usinunue nguo ya baridi. Koti lako lipo, limekauka.

Zamda anakusalimu sana, na jirani yetu Mzee Shabani pia. Tunu hajatuma salamu. Anasema atakupa mwenyewe.

Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Kaka yako akupendaye,
Selemani