Msiba Ungoje Jumapili

Jumanne, 3 Juni

Nimefagia tena. Mara ya tatu tangu asubuhi. Mpiga picha anakuja saa nane pamoja na Denise, ajenti anayetuuzia nyumba. Denise ametuachia orodha. Picha za ukutani, gereji. Vitambaa vya makochi, gereji. Viti vya plastiki vya wageni, vyote kumi na sita, gereji. Anasema mnunuzi akiingia anataka kujiona yeye, si kutuona sisi. Haya. Tumejiondoa.

Tena tusipike chochote chenye harufu hadi Jumatatu. Baba Neema ameuliza kama ugali nao una harufu. Nikamwambia ugali hauna, ni wewe uliye nayo. Amecheka, akapanda kulala. Anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, kwa hivyo mchana ndio usiku wake. Nimefagia ngazi nyuma yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimeenda Champlin, mji jirani. Sikuwa na shughuli huko. Niliegesha gari ng'ambo ya nyumba tunayotaka kununua kwa yule mzee, nikaitazama dakika ishirini. Haina ngazi. Imekaa peke yake, nyasi pande zote nne, na mto hauko mbali. Pamba za miti zilikuwa zikipeperuka barabarani. Mzee alichungulia dirishani, nikaondoka kabla hajaniitia polisi.

Nyumba nne zimetuponyoka tangu Februari. Kila tukipeleka ofa, mwingine ametangulia. Huyu mzee ametukubali kwa sharti moja: yetu iwe imepata mnunuzi, karatasi zimetiwa sahihi, kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Ikipita hapo anampa mwingine anayengoja.

Miaka kumi na minne nimeishi hapa Brooklyn Park, Minnesota, katika nyumba iliyobanwa katikati ya nyumba nyingine. Nikitwanga kitunguu saumu, jirani wa kushoto anagonga ukuta. Wa kulia akipiga chafya, mimi nasema pole. Nimechoka. Nataka ukuta usio na mtu upande wa pili. Si dhambi kutaka.

Alhamisi, 5 Juni

Shangazi Loice amefariki.

Shemeji Wekesa amenipigia kutoka Bungoma saa moja asubuhi. Ni mdogo wake Baba Neema. Amenipigia mimi makusudi, kakake akiwa njiani kutoka kazini. Kwao mtu haambiwi kwa simu kwamba mamake amekufa. Na Shangazi ndiye mamake. Aliyemzaa alimwacha na miaka minne, Shangazi akamchukua, akamlea, akauza ndizi akamsomesha. Wekesa alinipa utaratibu: mwite pasta, waite watu wazima wawili watatu, mketishe, ndipo umwambie. Tumekuachia wewe, shemeji. Nikasema nimeelewa.

Nimelia kule chini kwenye besmenti. Nilimpenda yule mama. Nilipoolewa alinipa kuku watatu na onyo moja, kwamba mume wangu akinyamaza nijue ameumia.

Kisha nikapangusa uso, nikaanza kufikiria wikendi. Jumamosi na Jumapili, saa saba hadi saa tisa, wanunuzi wanakuja kuona nyumba. Nikimwambia leo, kufikia jioni pamejaa watu. Viti vitatoka gereji. Masufuria, chai, viatu mlangoni, nyimbo, watoto kwenye ngazi, kila siku hadi asafiri. Ndivyo inavyotakiwa. Ndivyo tulivyowafanyia wengine. Na nyumba haitauzwa.

Amefika saa moja na nusu. Ameuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nimesema ni dawa ya kusafishia jiko.

Nitamwambia Jumapili jioni. Ni siku tatu tu. Aliyekufa hatakufa zaidi.

Nimesoma nilichoandika na ni kibaya. Nakiacha hapo.

Ijumaa, 6 Juni

Wekesa asubuhi: amepokeaje? Mbona hanipigii? Nimesema ameumia sana, hataki simu kwa sasa, tumpe nafasi. Ulimi haukuteleza hata kidogo. Umeninyookea hadi nimeuogopa.

Na mimi sikufikiria mbele. Saa tano Wekesa akaandika kwenye kundi la watu wa kwao walioko Minnesota: ndugu yetu ameshajulishwa, mkae naye karibu. Baba Neema alikuwa amelala. Nikachukua simu yake mezani nikayazima makundi mawili, hilo na la kanisa. Kwa kawaida hayafungui, ana meseji mia tatu hajasoma. Nimezima hata hivyo.

Kufikia saa kumi, meseji kumi na moja kwenye simu yangu. Kina mama wa kanisa wanataka kuja leo leo na chapati. Pasta anauliza kama aje saa hii. Nimewajibu wote: Jumapili saa kumi na mbili jioni, kwa sasa anapumzika. Mmoja akauliza, anapumzika siku tatu? Mmbea yule. Lakini ameuliza vizuri.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huu umenikaa kichwani tangu mchana na hautoki. Mimi sijaficha hata maradhi. Nimeficha kifo chenyewe.

Nimesugua bafu mbili. Nimesugua nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayeinama kuangalia. Sitaki kukaa chini.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwenye gari, gereji. Ndani kuna watu.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Baba Neema alikuwa ameongezewa saa kazini hadi saa sita mchana. Nikamwambia asirudi kabla ya saa tisa. Nikampa orodha ya kununua kwenye duka la Waafrika, kisha aende kinyozi akapige stori. Majani chai pakiti kumi. Sukari. Maziwa. Mikate kumi na miwili. Aliuliza ni za nini. Nikasema kina mama wana mkutano kwetu Jumapili.

Nilimtuma mume wangu kununua chai ya matanga yake mwenyewe. Sikuliona hilo. Nilikuwa naona Champlin tu.

Saa saba mimi na Neema, binti yetu, tulikuwa tumekaa kwenye gari kando ya mto, kama Denise alivyotaka. Mwenye nyumba hatakiwi kuwepo. Neema alikuwa na simu yake. Mimi nilikuwa nahesabu dakika na kuwafikiria watu wanaofungua kabati zangu. Saa saba na dakika arobaini Denise akapiga. Kuna mwanamume sebuleni amevaa sare ya kazi, analia kwa sauti. Anasema yeye ndiye mwenye nyumba. Afanye nini?

Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilipita taa nyekundu na Neema akapiga kelele.

Denise alikuwa jikoni ameshika karatasi zake za matangazo kifuani. Wanunuzi wawili walikuwa wakitoka haraka, wakitazama viatu vyao. Mifuko ya dukani ilikuwa imesimama katikati ya zulia. Na Baba Neema kwenye kochi, mikono usoni, na kando yake mama mmoja wa kitenge sijawahi kumwona, amemshika bega. Mume wake amesimama nyuma, kofia mkononi. Watoto wao watatu wamekaa chini kwa mstari. Walikuwa wamekuja kuona nyumba. Wakongomani.

Yule mama aliinua macho akaniambia: "Mama, ni bwana yako? Pole sana. Sisi hatuwezi pita mutu mwenye iko analia."

Mgeni aliyeingia kuangalia bafu ndiye aliyemketisha mume wangu.

Baba Neema aliondoa mikono usoni. "Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na mazoezi. "Alhamisi."

"Alhamisi asubuhi ama jioni?"

"Asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa saa ya basi. Nyuma yangu Neema akasema, "Mom. Since Thursday?" Akapanda juu akafunga mlango wake.

Yule Mkongomani akaanza wimbo kwa sauti ya chini na mumewe akaupokea. Nilikwenda jikoni nikachemsha chai. Denise aliuliza kama afunge. Nikamwambia funga. Akaenda kung'oa kibao cha maonyesho nje.

Najichukia. Nasema hivyo hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Na bado, Mungu anisamehe, nilipokuwa namimina chai nilikuwa najiuliza wale wanunuzi wawili waliotoka wamechukua karatasi ya Denise au hawakuchukua.

Jumapili, 8 Juni

Nyumba imejaa. Viti vyote kumi na sita vimerudi na havitoshi. Denise amefuta maonyesho ya leo. Hajanilaumu. Angenilaumu ningejisikia nafuu.

Baba Neema ananyamaza. Na watu anaongea, anaitikia pole, anasimulia habari za Shangazi. Nikiingia na birika ananyamaza. Anapokea kikombe bila kuniangalia.

Mwuza nyama wa lile duka alinisogelea jikoni. Ndiye aliyempa pole jana. Aliona pakiti kumi za majani chai akasema, pole kwa Mama Loice, naona mnajiandaa. Nikangoja aseme Baba Neema aliangukaje, aliulizaje. Akasema, mzee alijikaza. Alisema asante, akalipa, akatoka. Mwuza nyama hajui kitu. Watu wote hawa hawajui kitu. Wananikumbatia mimi na kusema pole, umebeba mzigo mzito, mama.

Saa moja jioni Denise akapiga. Ofa imeingia. Wale Wakongomani. Ofa nzuri, karibu tulichotaka. Denise mwenyewe haamini. Alimuuliza ajenti wao kama wameelewa yaliyotokea. Eti mama amesema alitembezwa nyumba tisa na zote hazikuwa na mtu ndani. Hii aliona watu wanaweza kulia ndani yake.

Denise ametuma karatasi kwa simu zetu zote mbili. Nyumba ni ya majina mawili. Sahihi mbili, kesho kabla ya saa sita, la sivyo yetu ya Champlin imekwenda.

Nimetia yangu nikiwa chooni, mlango umefungwa, nje wanaimba.

Yake siwezi kuiomba. Nilisimama mlangoni mwa sebule nikamwangalia. Kati ya pasta na wazee wawili. Kwa mdomo gani? Nikarudi nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 9 Juni

Saa mbili. Pasta amempeleka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimepanga nimpeleke mimi. Nilitoka na funguo mkononi, nikakuta begi lake tayari liko kwenye gari la pasta. Alimkumbatia Neema muda mrefu. Mimi aliniambia, "Haya." Nikasema safari njema. Ndege saa sita na nusu.

Saa nne. Hakuna kitu.

Saa nne na nusu. Denise ameuliza. Nimesema yuko kwenye foleni ya ukaguzi.

Saa tano. Nimetembea hadi sanduku la barua mara nne. Hakuna barua. Nimeandika meseji: tafadhali. Nimeifuta. Nimeandika: nisamehe. Nimeifuta pia, kwa sababu leo angeisoma kama ombi la sahihi. Na ingekuwa hivyo kidogo.

Saa tano na nusu. Nimeamua ikipotea ipotee. Nimekaa chini. Nimesimama.

Saa tano na dakika arobaini na tatu. Sahihi yake imeingia. Jina lote, herufi zote. Hakuna neno lingine chini yake.

Denise amepiga akishangilia. Nyumba tumeuza, Champlin ni yetu. Nimemshukuru. Nimekaa jikoni hadi Neema aliporudi kutoka shule na kuniuliza kwa nini sijala.

Alhamisi, 12 Juni

Amefika salama. Alimwambia Neema. Nimeanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Nafunga, nafungua, nafunga upya.

Jumamosi, 14 Juni

Mazishi yalifanyika huku tukiwa tumelala. Wekesa alituma video, tukaitazama asubuhi, mimi na Neema, kwenye kochi.

Watu wengi sana. Mahema matatu. Jeneza jeupe. Baba Neema amevaa suti yake ya kijivu, amekonda kwa wiki moja. Kwaya iliimba, diwani akaongea zaidi ya ilivyohitajika. Kisha Wekesa akachukua maikrofoni kushukuru. Alishukuru chifu, majirani, madaktari.

Halafu akasema kuna mtu mmoja hayupo ambaye lazima ashukuriwe. Shemeji yetu wa Amerika. Alisema habari hii ilikuwa nzito, ndugu yetu angeweza kuipokea vibaya, barabarani, kwa watu asiowajua. Lakini shemeji alimketisha chini nyumbani kwake, akawa na watu, akamwambia kwa upole, kama mila yetu inavyotaka. Mama Loice alimchagulia mke.

Watu wakaitikia. Wanawake wakapiga vigelegele kidogo.

Baba Neema alikuwa amesimama kando ya Wekesa. Kamera ikamwendea. Aliangalia chini, kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja. Wekesa akaendelea kuwashukuru waliopika.

Neema alifikia simu akaisimamisha video. Hakunitazama. Baadaye kidogo alisogea akalaza kichwa begani kwangu, na tukakaa hivyo.

Denise ameandika. Ukaguzi wa nyumba ya Champlin ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Nimemjibu nitakuja peke yangu.