Alhamisi Zetu, Dada Shamim

Dada Shamim,

Nimetoka kwenye kikao sasa hivi. Nimekaa barazani kwangu hapa Shangani, viatu viko pembeni, na nilipokuwa navivua nilijikuta nimeshika simu nikupigie. Nimetafuta mpaka jina lako. Ndipo nikakumbuka. Basi nimechukua kalamu, maana mambo niliyo nayo hayawezi kulala humu kifuani, na simjui mwingine atakayecheka pale ambapo wewe ungecheka.

Unakumbuka ulivyoniingiza kwenye klabu? Nilikuwa mgeni Mtwara, mwalimu aliyehamishwa kutoka Njombe na blanketi zito ambalo kwa joto la hapa lilikuwa kichekesho. Nilikuja dukani kwako Chikongola kutafuta kitambaa cha pazia. Ulikata nusu, ukaacha mkasi umening'inia, ukaniuliza Alhamisi jioni huwa nafanya nini. Nikakujibu kwamba nasahihisha madaftari.

"Mwalimu," ukaniambia, "madaftari hayana miguu. Ijumaa utayakuta."

Kabla hujamaliza kukata pazia langu nilikuwa mwanachama wa klabu ya huduma ambayo hata sikujua inahudumia nini.

Chumba kile cha juu ya duka ndicho kilichonionyesha mji huu. Viti havikufanana hata viwili. Bhajia zako zilifunikwa kwa kitambaa cheupe na hazikuguswa mpaka kila mmoja awe amesema kitu kimoja alichokiona wiki ile kinachohitaji mkono wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Mmoja angesema mtaro umeziba nyuma ya soko. Mwingine angesema kuna mama jirani amejifungua na hana wa kumchotea maji. Hukuruhusu hotuba. Ukiona mtu anaanza kuzunguka ulikuwa unamwangalia tu, na yeye mwenyewe anafupisha. Aliyechelewa aliadhibiwa kwa kuimba mbele ya wote, na Mzee Ngonyani, aliyestaafu kuendesha winchi bandarini, alikuwa anachelewa makusudi. Tulisikia miguu yake kwenye ngazi na tayari tumeanza kucheka. Anasimama pale mlangoni, anavua kofia, anaimba kwaya ya Songea kwa sauti nzito hadi wateja wa duka la jirani wanatoka nje kusikiliza. Wewe hukuelewa neno hata moja la Kingoni, lakini ulikuwa unapiga makofi kama bibi harusi ni wa kwenu.

Nilidhani Alhamisi zile hazitaisha. Sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Nikueleze siku ya mazishi, kwa kuwa hukuiona. Mikindani ilijaa. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na mama yako. Hakulia mbele yetu. Alikuwa anashika mkono wa kila anayeingia na kumuuliza kama amekula. Mzee Ngonyani alikwenda makaburini na wanaume. Aliporudi suruali ilikuwa na udongo magotini, akakaa chini ukutani karibu na mlango, na hapo alibaki mpaka tukaondoka.

Tulimchagua yeye ashike nafasi yako. Alikataa, tukamlazimisha. Wiki za mwanzo tulikuja wote, tukaketi, tukaacha kiti chako wazi, na sote tukawa tunakikwepa kwa macho. Baadaye watu wakaanza kutuma ujumbe. Huyu ana mgeni, yule ana homa, mwingine yuko safarini Masasi. Tusingeweza kumlaumu mtu. Mimi mwenyewe kupanda ngazi zile kulinichosha kuliko kufundisha siku nzima. Hata chai haikuwa na ladha. Neema, nesi wetu, alijaribu kuweka tangawizi kama ulivyokuwa unaweka, ikawa kali, tukainywa hivyo hivyo kwa adabu.

Alhamisi iliyopita tulifika watatu. Mimi, Neema na Mzee Ngonyani. Tulisubiri. Kisha mzee akaweka kofia mezani na kusema yale ambayo nadhani sote tulikuwa nayo.

"Hii klabu ilikuwa Shamim. Sisi tulikuwa tunakuja kunywa chai."

Neema aliinamisha kichwa. Nami sikumpinga. Tukakubaliana kwamba Alhamisi hii tuwaite wote, tuagane vizuri, viti tumrudishie mumeo Hanif, na tubaki na kundi la simu la kujuliana hali. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Simu yako, dada, mume wako hajaweza kuizima. Anaichaji kila siku na kuiweka pale dirishani. Inapolia anaiacha ilie. Jumatatu asubuhi ililia mara nyingi mno, mwishowe akaipokea. Mpigaji alikuwa mhudumu wa zahanati ya kule Kilambo. Anauliza mbona hamjafika, wazee wameshakusanyika tangu alfajiri.

Hanif akanipigia shuleni. Ndipo nikajua kwamba ulikuwa umeshapanga kila kitu na madaktari wa macho, wazee ulikuwa umeshawaambia siku utakayowafuata uwalete mjini wapasuliwe, na sisi kwa msiba wetu hakuna aliyeuliza. Kule kando ya mto Ruvuma hakuna aliyewapelekea habari. Kwao wewe ulikuwa hai, umechelewa tu.

Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Mzee Ngonyani akapata gari la mpwa wake, lile la kubebea mchele, akatandika magunia nyuma. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno na kila nililolipata naliona halifai.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye baraza la zahanati, wamevaa nguo za kwenda mjini. Wengi wao hawakuona gari, waliligeukia kwa masikio. Kina mama walikuwa wamechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa ajili yako, wakasema unaipenda kuliko watu wa hapa. Bi Somoe, yule bibi uliyekuwa unamshika mkono kila ulipokwenda, aliinua uso na kuita jina lako.

Nikasema. Sikuweza kusema vizuri. Nilisema Shamim ametutoka, Mwenyezi Mungu amemchukua, na sisi tumechelewa kuwaambia. Mzee mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini na wengine wakainua mikono. Mimi na Mzee Ngonyani tukainamisha vichwa, tukaomba kwa namna yetu. Wamama wakafunika sufuria.

Dua ilipoisha Bi Somoe akauliza, bila lawama yoyote, anataka tu kujua: "Basi sisi turudi majumbani?"

Nilimtazama Mzee Ngonyani. Nilijua Alhamisi alisema nini. Alikuwa anapangusa uso kwa kofia.

"Hapana, mama," akasema. "Pandeni garini. Yeye ametangulia, lakini safari ni ile ile."

Akashuka barazani, akawashika mmoja mmoja, akawapandisha. Bi Somoe alibebwa kabisa. Wamama wakatufungia ming'oko kwenye kitenge.

Kurudi mjini nilituma ujumbe kwenye kundi, mfupi, kwamba tuna wazee wako na hawana pa kulala. Dada, ungeona. Yule wa homa alifika na magodoro. Yule wa Masasi alikuwa ameshasafiri kweli, ila alimtuma mkewe na sufuria la wali. Bibi wawili walilala kwangu. Bi Somoe alikataa kitanda, akasema kinamwangusha, tukamtandikia mkeka sebuleni. Alikuwa ananieleza habari zako. Kwamba ulijaribu kutwanga ukamwaga nusu ya mahindi. Kwamba ulimwambia ukweli kuhusu jicho la kushoto, kuwa hilo halitarudi, lakini la kulia lina mtoto wa jicho tu na litaona. Alisema hakuna mwingine aliyemwambia ukweli, wote walikuwa wanamwambia asubiri.

Wakapasuliwa Jumanne. Jana asubuhi tulikwenda kuwachukua, na wodini nikawakuta karibu wana klabu wote, wamesimama ukutani kama watoto wanaongoja matokeo. Neema mwenyewe ndiye aliyemfungua Bi Somoe bandeji. Bibi akafumbua jicho, akalifumba, akalifumbua tena. Akaangalia dirishani muda mrefu.

"Kuchele," akasema.

Neno lile lile la Kimakonde ambalo watu wa hapa wanatania nalo kila siku, kwamba Mtwara kumekucha. Yeye hakuwa anatania. Alilisema polepole, na Mzee Ngonyani akatoka nje.

Kisha bibi akaanza kututazama mmoja mmoja. Alikuwa anatafuta kitu. Akaniuliza kama nina picha yako. Alisema amekujua kwa sauti, kwa mkono na kwa harufu ya udi, na sasa kwa kuwa ana jicho anataka kukuona. Nikafungua simu, nikampa ile picha ya siku tuliyozibua mtaro, umevaa mabuti ya Hanif yanayokufika magotini na tope mpaka kwenye mtandio. Akaileta karibu na uso.

"Mdogo hivi?" akauliza. "Sauti yake ilikuwa ya mtu mrefu."

Tukacheka wote wodini, Shamim. Tulicheka na kulia, na bibi akaendelea kukushika mkononi, hakutaka kunirudishia simu.

Leo kikao kilijaa. Watu walikaa hata kwenye ngazi. Kuagana hakukutajwa, wala hakuna aliyekumbusha. Mzee Ngonyani alifungua kikao kwa kuuliza nani ameona nini wiki hii, na mazungumzo yakachukua nafasi yake. Kumbe kijiji cha jirani na Kilambo kina wazee wengine. Tunakwenda wiki ijayo. Kiti chako amekikalia Neema, kwa msongamano hakuangalia ni kipi, na tulipoona amekaa tukaona kimekaliwa vizuri.

Bi Somoe bado yuko kwangu. Ameomba kitu kimoja kabla hajarudi kwake: anataka kumwona mama yako, ampe mkono wa pole uso kwa uso. Jumamosi nitampeleka Mikindani. Nakuahidi nitakaa nao mpaka mama achoke kuuliza habari zako, na nitamwacha bibi asimulie yote, hata ile ya kumwaga mahindi.

Lala salama, dada yangu. Mungu akupe nuru huko uliko.

Mwalimu wako,
Salome