Mama Kevin Wawili

Sista Konsolata,

Leo ni Jumapili, na saa hizi tungekuwa kwako, mtaani Jericho. Sisi wauguzi wako wanne tungekuwa tumetoka kanisani na njaa, nawe umetuwekea mezani miguu ya kuku mibichi. "Kazi kwanza, matumbo baadaye." Jumapili zile tulivuta juisi nyekundu ya chupa kwa sindano, tukaiingiza polepole chini ya ngozi ya kuku, ili tujue dawa ya saratani inavyovimbisha mahali ikitoka nje ya mshipa, na mkono uache kusukuma mapema. Wanao walilalamika kwamba nyumba yenu tu ndiyo inayokula kuku waliotobolewa. Nasi tulikula. Mchuzi ulikuwa na sukari sukari.

Miezi saba imepita tangu tukusindikize kwenu Kakamega. Chumba cha dawa kipo. Wamekipaka kijani, usingeipenda rangi yenyewe. Ile feni ya kutoa mvuke wa dawa nje, uliyoiomba hadi ukachoka, wameiweka wiki tatu baada ya mazishi. Nilipoisikia ikizunguka nilitoka nje kidogo.

Kisha matroni mpya akanipa darasa lako. Wauguzi sita kutoka hospitali za mikoa, niwafundishe kutoa dawa hizi bila kumdhuru mgonjwa wala kujidhuru wenyewe. Mambo ya glavu, vipimo na dawa ikimwagika nilikuwa nayo. Nilichokuwa sijui ni kama niwaambie habari ya Mama Kevin. Matroni alisema atakaa nyuma asikilize. Nilijua akinisikia anaweza kuninyang'anya darasa, pengine hata chumba.

Unakumbuka siku ile. Nilikuwa na dawa nyekundu mkononi na faili chini ya kwapa, nikaita mlangoni, "Mama Kevin!" Mama mmoja akainuka, akakaa kitini, akakunja mkono wa blauzi. Hapa Eastlands nani humwita mama kwa jina lake? Jirani, muuza mboga, hata mchungaji, wote humwita kwa mtoto wake. Nikamwekea dripu, ikaingia vizuri. Nilikuwa nimeshaunganisha sindano ya dawa ulipopita nyuma yangu ukauliza kwa upole, "Mama, kwenye kitambulisho umeandikwa nani?"

"Florence Nduku."

Kwenye sindano nilikuwa nimeandika Agneta Nekesa. Agneta, Mama Kevin wa Mukuru kwa Njenga, alikuwa bado kwenye benchi nje, anamenya chungwa.

Hukunipigia kelele. Uliichukua sindano mkononi mwangu, ukamwambia Florence ukweli wote, kwamba tulikaribia kumpa dawa ya mwenzake. Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akakutazama, akanitazama, akasema, "Kumbe ningekufa kwa sababu ya jina la Kevin, na huyo kijana hata vyombo haoshi!" Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Mimi nililia.

Halafu ukanileta mezani, ukaniwekea kitabu cha makosa. "Andika, Mueni. Mkono ukitetemeka, andika herufi kubwa." Nikaandika. Chini yake ukaongeza kwa mkono wako: Mwalimu wake ni mimi, sikuwa nimemfundisha kuuliza jina. Sista, haikuwa kweli. Ulikuwa umenifundisha wiki ya kwanza kabisa. Sijawahi kukushukuru kwa mstari huo, maana kila nilipotaka kuutaja ulinituma kuleta pamba.

Basi Jumanne nilisimama mbele ya wale sita. Nilianza na glavu. Nikafika kwenye jina la mgonjwa, nikawaambia yote, hata machozi. Matroni aliacha kuandika. Nikawaza, haya, nimejimaliza.

Mmoja wao, Bwana Ouma, mtu mzima kunishinda, mwenye mvi, akainua mkono kama mtoto wa shule. Alisema, "Mimi sikuwa na mtu wa kunishika mkono. Nilimpa mgonjwa dawa ya mwenzake wa kitanda cha pili. Alitapika siku mbili, akapona, akanishukuru wakati wa kuondoka. Sijamwambia mtu mpaka leo." Dada aliyekuwa karibu naye akamshika bega, kisha naye akasema lake. Wakafuata wengine. Chai ya saa nne ililetwa ikapoa hapo hapo.

Mwishowe matroni akaja mbele. Nilisimama wima. Akasema, "Darasa ni lako, Sista Mueni. Lakini wiki ijayo nipe dakika kumi. Na mimi ninalo la kusimulia."

Nilitaka kukimbia nije nikuambie. Kwa kuwa haupo, nimekuja na karatasi hii.

Nakuahidi hivi: muuguzi yeyote atakayekosea chumbani mwetu hatabaki peke yake na kosa lake kama Bwana Ouma alivyobaki. Nitakaa naye, nitamwambia mgonjwa pamoja naye. Asante kwa kunilea kazini, Sista. Pumzika sasa, wagonjwa wako wana watu.

Mwanafunzi wako,
Mueni