Zamu Mbili za Prezida

Prof,

Ni mimi, motari wako, niliyekuwa nakubeba kwa pikipiki. Yule uliyekuwa unamwita kolega, mwenzako wa kazi, mbele za watu, nao wanacheka, kwa sababu mimi shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari na wewe ulikuwa na diploma za kufunika ukuta mzima. Mwandiko utanisamehe. Nimekaa juu ya pikipiki, karatasi iko juu ya tanki, na kila anayepita ananiuliza kama naandikia mwanamke. Nawajibu ndiyo. Ni afadhali hivyo kuliko kuwaambia naandikia marehemu kwa sababu nimeshindwa kumtazama machoni.

Habari kwanza. Kaburi lako ni safi, majani nimeyakata mwenyewe, na sikukata vizuri upande wa miguu, utavumilia. Vitabu vyako vinatembea kuliko ulivyotembea wewe. Kile cha kwanza, kile kinene cha uchaguzi, ambacho wewe mwenyewe ulisema hakuna aliyekimaliza, mpaka leo hakuna aliyekimaliza. Lakini cha pili, cha mabaraza ya vijiji vyetu, kimevuka maji. Walimu wa vyuo vya mbali wanakibishania. Watu ambao hawajawahi kukanyaga matope ya Kabambare wanaandika kuhusu "haki ya aliyeshindwa", neno lako lile.

Na kule vijiji vya Wamaza, Prof! Wakimaliza kugawana mashamba ya bondeni, kabla watu hawajatawanyika, mkubwa wa kijiji anauliza: "Aliyekosa shamba ni nani? Aseme kwanza." Hawajasoma ukurasa hata mmoja. Wamebaki na swali lako tu.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako, na mimi ndiye niliyekubeba. Tukifika kijijini, tunamsalimia chifu, tunakunywa maji yake, halafu wewe unauliza kwa upole: "Katika shauri la mwisho mliloamua hapa, nani alishindwa?" Basi tunaenda kwake kabla ya wote. Mara nyingine ni mbali, mara nyingine ni mwanamke mwenye ulimi mkali anayetufukuza. Nilikuwa nakutania kwamba profesa wengine wanatafuta washindi ili wapate kula kuku, wewe unatafuta washindwa tunaambulia sombe, majani ya muhogo matupu. Ulikuwa unanijibu: "Kolega, aliyeshinda atakwambia demokrasia ni nzuri. Mimi nataka kujua yule mwingine kesho yake bado anaruhusiwa kufungua mdomo."

Unakumbuka ile njia ya Kabambare, pikipiki ilipozama mpaka kwenye mnyororo? Nikakwambia: "Prof, wewe ni mutu wa demokrasia, tupige kura nani atasukuma." Ukasema kura yako ni kwangu, yangu ni kwako, tumelingana. Nikasema: "Hapana, mwenye pikipiki ana kura mbili." Ulicheka mpaka miwani ikaangukia matopeni. Halafu ukasukuma kweli, profesa mzima, suruali yote nyekundu.

Baadaye nikajikuta katika kile kitabu cha pili, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama chawa: motari mmoja wa Kasongo. Ulinieleza mwenyewe, nimekaa mlangoni kwako, kwamba umeniweka pale kuonyesha demokrasia inavyokufa. Si kwa bunduki kila mara. Inaweza kufa kwa mzaha, mwenye chombo anajiongezea kura na wenzake wanacheka. "Usikasirike, kolega," ulisema. Sikukasirika. Nilisikia neno kitabu tu, mengine yote nikayaacha palepale mlangoni.

Ulipotutoka nililia, waulize walio hai. Kisha wamotari wa parkingi yetu ya sokoni wakataka kuchagua prezida, na nikakumbuka kitabu ulichonipa. Niliyeshindana naye ni Ramazani, tunamwita yaya, kaka mkubwa, mutu mzima, mpole, ndiye aliyenifundisha kuziba tairi. Yeye alisimama akasema atalinda zamu ya kila mmoja. Basi. Mimi nikafungua ukurasa, nikaunyanyua juu: "Mimi niko mu kitabu cha Prof! Ramazani iko mu kitabu gani?" Vicheko, makofi, nikashinda.

Sasa sikiliza. Pale kwetu anayefika kwanza anabeba kwanza, na akirudi anapanga foleni mkiani. Ndiyo sheria yote tuliyo nayo. Mimi nikirudi sipangi mkiani. Naingia mbele, nasema prezida ana kazi nyingi, na wenzangu wanacheka maana nachekesha. Katika mkutano Ramazani akainuka: "Prezida, kwako zamu ni ngapi?" Nikamjibu: "Wengi wamesema. Aliyeshindwa anyamaze. Ndivyo Prof alivyoandika."

Nilisema hivyo, Prof. Nilikutia mdomoni neno ambalo ulizeeka ukilipinga. Na Ramazani nikamtoa kwenye mstari. Tangu siku ile anangoja abiria peke yake, mwisho wa mji, njia ya Kabambare, mahali ambapo kila abiria anayepita tayari yuko juu ya pikipiki ya mtu mwingine.

Ningeendelea hivyo hivyo, sitakudanganya. Juma lililopita akaja binti mmoja kutoka chuoni, anaitwa Furaha, anaandika kazi yake ya mwisho juu ya vitabu vyako. Akauliza parkingini: motari wa Prof ni nani? Nilivyojitokeza! Nilifuta kiti kwa mkono wa shati. Nikamwambia, dada, uliza lolote, nusu ya yale mawazo tuliyafikiri pamoja. Akafungua daftari, akanitazama vizuri tu, bila ubaya: "Sawa, kaka. Hapa nani alishindwa? Prof alikuwa anaanza na huyo."

Mmoja wa wamotari akasema kwa nyuma: "Mubebe, prezida. Njia si unaijua?"

Nikambeba. Sijawahi kuendesha polepole vile. Ramazani alikuwa ameinama anaziba tyubu, akatusogezea kibao cha kukalia. Furaha akamuuliza: baada ya kushindwa, ikawaje? Ramazani hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Muulize prezida kwanza kama nina ruhusa ya kusema."

Prof, huu mdomo wangu unaujua. Ulikuwa unasema ukiufunga kwa kamba utatokea sikioni. Siku ile ulitoa maneno mawili tu. Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu: "Sema, yaya." Akasema, mpaka gundi ya tyubu ikakauka. Hakunitukana popote, na hapo ndipo paliponiuma. Binti aliandika yote. Kwa hiyo sasa nitakuwa katika vitabu viwili, na vyote viwili vinanisema vibaya. Hakuna motari mwingine Kasongo mwenye sifa hiyo.

Jana nilirudi kwake peke yangu. Nikamwomba aje kwenye mkutano wa Jumapili, aulize tena lile swali. Akaendelea kufunga boliti yake, halafu akasema: "Kesho asubuhi nitapita pale. Nitaona umepanga wapi."

Ndiyo maana leo nina nafasi ya kukuandikia. Nilibeba abiria wa kwanza, nikarudi, nikapanga mkiani. Wakaniuliza kama prezida anaumwa. Ramazani amepita sasa hivi, polepole, akanitazama, akapiga honi mara moja, akaenda zake. Sijui maana yake. Wewe ungeenda kumuuliza.

Ninakuahidi: Jumapili atasema wa kwanza, na mimi nitajibu nikiwa nimekaa, jina lako sitalitaja. Kitabu chako nitakwenda nacho, nimwombe anayejua Kifaransa awasomee ukurasa ule mpaka mwisho, na pale panaponisema. Wakinitoa uprezida, watanitoa. Nitakuwa nimeshindwa, na tutaona kama nina kifua cha kukaa upande ule.

Pumzika vizuri, Prof. Lile jina la kolega lishike huko huko kwanza, usinipe. Nitakuja kuliomba mwenyewe, nikiwa nimekata majani ya upande wa miguu.

Mstari umesogea kidogo. Bado si zamu yangu.

Motari wako